MKONO USISIMAME: KUIMBA NA KUPIGA UKULELE KWA WAKATI MMOJA

Alfajiri, kabla jua halijachomoza, kikosi cha askari hukimbia mchakamchaka. Mmoja hutangulia kuimba, wengine huitikia, na miguu yote huikanyaga ardhi kwa kishindo kimoja. Hakuna anayehesabu hatua zake, wala hakuna anayesahau maneno ya wimbo. Mguu una kazi yake na kinywa kina kazi yake, na kimoja hakikizuii kingine.

Na achukuliwe mfano wa koplo mmoja aliyemo katika kikosi hicho. Jioni amerudi nyumbani, amekaa kibarazani, na mapajani amepakata ukulele, ala ndogo ya nyuzi nne inayofanana na gitaa. Akipiga bila kuimba, mkono unakwenda vizuri. Akiimba bila kupiga, sauti inatoka bila taabu. Lakini akijaribu vyote viwili pamoja, mkono unasimama kana kwamba umeamriwa. Watoto wanacheka: "Baba, mkono umesimama!" Yeye anatabasamu kwa haya, anaingia ndani, na kuisukuma ala ile chini ya kitanda.

Wanaojifunza wengi huishia hapo, wakiamini kwamba hawakuzaliwa na kipaji. Imani hiyo ni ya makosa. Koplo huyo amekwisha kuijua kazi hii kwa miguu yake kila alfajiri. Kilichobaki ni kuufundisha mkono kile ambacho mguu unakijua.

ALA YA WATU WALIOCHOKA

Historia ya ukulele yenyewe ni ya watu wa kazi. Tarehe 23 Agosti, 1879, meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, ikiwa na watu zaidi ya mia nne kutoka kisiwa cha Madeira cha Ureno. Walikuja kwa mikataba ya kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Waliwasili na ala ndogo ya kwao iitwayo machete, na haikupita muda mrefu gazeti la huko likaandika juu ya wageni hao waliokuwa wakiimba na kupiga ala zao barabarani nyakati za usiku.

Katika meli hiyo walikuwamo mafundi seremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Baadaye walifungua karakana zao wakatengeneza ala hizo kwa mti wa koa unaoota Hawaii. Mfalme Kalakaua, aliyetawala tangu mwaka 1874 hadi 1891, aliipenda na kuipa nafasi katika sherehe za kasri lake. Jina ukulele hufasiriwa mara nyingi kuwa ni kiroboto arukaye, lakini Malkia Liliuokalani, dada yake mfalme huyo, alilifasiri kuwa ni zawadi iliyokuja. Mwaka 1915 ala hiyo ilivuma Marekani kutokana na maonyesho makubwa ya San Francisco. Na wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwimbaji na mchekeshaji wa Kiingereza George Formby aliwatumbuiza askari kwa ukulele wa aina ya banjo, akiimba na kupiga kwa pamoja, hata akafika Normandy mwaka 1944.

Mambo haya si mageni kwa wakazi wa nchi za Maziwa Makuu. Mpiga endongo wa Uganda huimba huku vidole vyake vikicheza juu ya nyuzi, na mpiga inanga wa Burundi husimulia kwa sauti ya kunong'ona huku nyuzi zikiendelea kulia. Hapana hata mmoja wao anayesimama kupiga ili apate kusema.

KOSA LILIKO

Akili ya binadamu ni kama ofisa mmoja aliyepewa vikosi viwili vilivyo vichanga. Akikitazama hiki, kile kinatawanyika. Njia ya kumsaidia ni kukizoeza kikosi kimoja mpaka kiweze kwenda chenyewe bila kutazamwa. Kikosi hicho ni mkono.

Isitoshe, kuna mtego ambao wengi hawautambui. Anayeanza hupiga nyuzi mara moja kwa kila silabi anayoitamka. Silabi zikiwa nyingi, mkono unakimbia. Sauti ikivutwa, mkono unangoja. Mwimbaji akivuta pumzi, mkono unasimama kabisa. Yaani mkono umekuwa mtumwa wa kinywa. Katika mchakamchaka mambo ni kinyume: mguu haukanyagi kwa kila silabi. Mguu hukanyaga kwa kipimo chake kisichobadilika, na maneno hupita juu yake, mengine yakiangukia kwenye kishindo na mengine yakipita katikati. Siri yote imo humo. Mapigo ndiyo barabara, na wimbo ndio msafiri.

KUZITEGA NYUZI NA KUSHIKA

Aliyejifunza kuimba kwa do-re-mi shuleni au katika kwaya hatapata shida kuzitega nyuzi. Kuanzia uzi ulio upande wa kidevu kwenda chini, nyuzi nne hulia so, do, mi, la. Uzi wa so hulia juu kuliko nyuzi mbili zinazoufuata. Asidhani mtu kwamba ameukaza kwa makosa.

Shingo ya ukulele imegawanywa kwa vyuma vyembamba. Nafasi zilizo kati ya vyuma hivyo na ziitwe vyumba, na chumba cha kwanza ni kile kilicho karibu na kichwa cha ala. Mpangilio wa vidole unaozifanya nyuzi zote nne zilie kwa upatano na uitwe mshiko. Mishiko mitatu yatosha kwa nyimbo nyingi za kawaida.

Mshiko wa C: kidole cha pete katika chumba cha tatu cha uzi wa la. Nyuzi nyingine huachwa wazi.

Mshiko wa F: kidole cha shahada katika chumba cha kwanza cha uzi wa mi, na kidole cha kati katika chumba cha pili cha uzi wa so.

Mshiko wa G7: kidole cha shahada katika chumba cha kwanza cha uzi wa mi, kidole cha kati katika chumba cha pili cha uzi wa do, na kidole cha pete katika chumba cha pili cha uzi wa la.

Ncha za vidole zitauma siku za mwanzo. Baada ya majuma machache ngozi hukomaa na maumivu hupungua.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza ni mkono wa kulia peke yake. Mkono wa kushoto uzilaze nyuzi kwa wepesi ili zisilie, na ukucha wa kidole cha shahada cha mkono wa kulia uzipitie nyuzi zote kutoka juu kwenda chini, kwa hesabu ya moja, mbili, tatu, nne. Miguu na ipige hatua papo hapo kama katika gwaride, na mkono uufuate mguu.

Hatua ya pili ni kubadili mishiko, kutoka C kwenda F, kisha G7, na kurudi C, kila mmoja kwa mapigo manne. Hapa ipo amri moja isiyovunjwa: mkono wa kulia usisimame. Vidole vya kushoto vikichelewa, na viachwe vichelewe. Mkono wa kulia upige hata kama sauti itakuwa mbaya. Sauti mbaya ya pigo moja husameheka, lakini pigo lililokosekana huuangusha wimbo mzima.

Hatua ya tatu ni kusema huku mkono ukipiga. Si kuimba bado. Mwenye kujifunza na ataje jina lake, awaamkie watu wa nyumbani, aulize chakula kimeivaje. Mtoto akimwuliza swali, na amjibu bila kuuacha mkono. Zoezi hili huonekana la mchezo, lakini ndilo kipimo cha kweli. Mkono unaoendelea wakati mwenyewe anazungumza habari nyingine umekwisha kukomaa.

Hatua ya nne ni wimbo. Na uchaguliwe wimbo ambao maneno yake yamo moyoni tangu zamani, usiohitaji karatasi, na wenye mishiko miwili au mitatu tu. Kwanza maneno yasemwe bila tuni, kwa kufuata mapigo. Kisha tuni ivumishwe kwa mdomo uliofumbwa. Mwisho maneno na tuni viunganishwe, kwa mwendo wa polepole kuliko wimbo unavyojulikana. Pale mshiko unapobadilika, silabi yake ipigiwe mstari katika daftari. Mara nyingi ugumu wa wimbo mzima umo katika silabi mbili au tatu kama hizo, na hizo ndizo za kurudiwa mara ishirini, si wimbo wote.

Ikiwa wimbo unamlazimisha mwimbaji kupaza sauti hadi koo likauke, au kuishusha hadi isisikike, kosa si la koo. Wimbo huo huo waweza kuanziwa mahali pengine, kwa mfano kwa mishiko ya G, C na D7, hadi upatikane mahali ambapo sauti yake inakaa kwa raha.

DAKIKA KUMI NA TANO

Mtu wa zamu hana saa nzima ya kujifunza muziki, wala haihitaji. Dakika kumi na tano kila siku zina faida kuliko saa mbili za Jumapili, kwa sababu mkono hujifunza kwa kurudia na husahau kwa kuachwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo lililo zito zaidi ni kukubali kuchekwa. Mtu aliyezoea kutoa amri huona vigumu kukosea mbele ya watoto wake. Lakini nyumba ambamo baba au mama huonekana akikosea, akirudia na hatimaye akiweza, huwafunza watoto somo ambalo maneno matupu hayawezi kulifunza. Na kicheko chao si adui. Mtoto anayepiga kelele kwamba mkono umesimama ni msaidizi mwema. Amesikia kilichomponyoka mwimbaji mwenyewe. Na apewe kazi rasmi: akae mbele, apige makofi ya mapigo manne, na baba aufuate mkono wake.

Askari huhamishwa. Barua ikifika, baba hufunga mzigo na kuondoka, na huenda miezi mingi ikapita kabla hajaketi tena kibarazani. Wimbo ambao ameupiga pamoja na watoto wake haumo katika mzigo ule. Hubaki nyumbani, na watoto huuimba jioni kwa makofi yale yale ya mapigo manne. Kwa sababu hiyo, koplo yule na ainame, autoe ukulele chini ya kitanda, aupanguse vumbi na kuanza tena kwa moja, mbili, tatu, nne. Kinywa kitakuja chenyewe, mradi mkono usisimame.