Utangulizi: Kalenda ya Mavuno na Kalenda ya Kodi

Elimu ya kodi ya watu wanaojiajiri ina mlango ambao wengi huuingia kwa hofu. Fundi cherehani aliyepanga chumba Katesh, mfanyabiashara wa vitunguu saumu wa Bashay, mtaalamu wa mifugo aliyeacha mshahara akaanza kutoa huduma zake mwenyewe Dongobesh: kila mmoja huijua kodi kwanza kama karatasi yenye kiasi na tarehe, na mara nyingi karatasi hiyo humkuta hana kitu mfukoni. Namkaribisha msomaji apite mlango mwingine. Nyuma ya karatasi ile kuna swali zuri la kufikiriwa kwa utulivu: mtu asiye na mshahara atajuaje mwezi wa Machi atakuwa amepata nini kufikia Desemba?

Mwajiriwa hana haja ya kujiuliza hivyo, maana mwajiri humkata kodi kabla fedha haijafika mkononi. Anayejiajiri hana wa kumkatia. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka alipe kwa makadirio, kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Huo ni mgeuko mkubwa katika historia yetu. Kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898, kodi ya kichwa ya Waingereza, hata kodi ya maendeleo iliyofutwa mwaka 2003, karibu zote zilitazama mtu yupo au hayupo, ana kibanda au hana. Biashara yake ilikwendaje mwaka huo halikuwa swali la mkusanyaji. Msomi wa Norway, Odd-Helge Fjeldstad, amechunguza kwa miaka mingi jinsi halmashauri zetu zilivyokusanya kodi ya maendeleo na jinsi nguvu ilivyotumika, na anayeanza somo hili atafaidika kumsoma mapema. Atatambua kwamba kumwomba mchuuzi aseme mwenyewe atapata kiasi gani ni jambo ambalo babu yake hakuwahi kuombwa.

Sasa tuilete sheria hiyo Mbulu na Hanang. Mwishoni mwa Machi masika yamekolea. Mahindi yako shambani, ghala limepungua, na aliye na akiba ameitumia kwenye mbegu na palizi. Fedha huanza kutembea mahindi yanapovunwa katikati ya mwaka, kisha mbaazi hadi Septemba. Hapo mnada huchangamka, watu hushona nguo, huezeka nyumba na kulipa madeni ya dukani. Hata asiyelima anaishi kwa mvua ile ile, kwa kuwa wateja wake ni wakulima na wafugaji. Sheria imeigawa kodi ya mwaka mafungu manne yaliyo sawa. Mwaka wa Katesh haugawanyiki hivyo, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha somo zima katika wilaya hizi. Awamu ya Machi haina budi kulipwa kwa fedha ya Septemba iliyopita. Anayengoja Machi ndipo aitafute atauza mbuzi kwa bei ya hasara.

Kiasi chenyewe hutegemea sana daftari, na hapa naomba twende polepole. Kwa jedwali la wafanyabiashara wadogo lililowekwa mwaka 2022, mauzo ghafi yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu hulipa 100,000. Aliye nazo hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Aliye nazo hulipa 90,000, pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kuanzia hapo hadi milioni 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo yote.

Mchukue mama wa Bashay anayeuza saumu ya milioni 9. Bila daftari ni 250,000. Akiwa na daftari ni 150,000, yaani 37,500 kila awamu. Mwenzake aliyeuza milioni 4.2 atalipa 100,000 bila kumbukumbu, na 6,000 tu akiwa nazo! Tofauti hiyo kwa mtu wa kipato hicho ni karo au mbolea. Tena mama yule wa milioni 9 akiweka pembeni shilingi 1,700 katika kila laki anayouza, kodi yote itapatikana, na sehemu kubwa itakuwa imejikusanya yenyewe katika miezi ya neema. Simjui mtaalamu anayeweza kumpa ushauri bora kuliko huo.

Yule mtaalamu wa mifugo yuko pengine, kwa kuwa anayeuza utaalamu yuko nje ya jedwali hilo. Yeye hutozwa kwa faida. Tuseme Machi anakadiria faida ya milioni 12. Kwa viwango vya watu binafsi vya mwaka 2021, kodi yake ni 1,536,000, na kila awamu ni 384,000. Analipa Machi, analipa Juni. Ifikapo Septemba anaona wafugaji hawana fedha na faida haitavuka 9,120,000. Kodi ya faida hiyo ni 816,000, naye ameshalipa 768,000. Akiyarekebisha makadirio yake, awamu mbili zilizobaki zitakuwa 24,000 kila moja. Haki hii ya kurekebisha imo ndani ya sheria, na inasikitisha jinsi wachache wanavyoitumia. Ina upande wa pili pia: anayekadiria chini ya asilimia 80 ya kodi halisi hutozwa riba.

Haki hiyo ina uzito wa pekee huku kwetu. Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu, iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei ikaanguka. Makadirio ya Machi yaliyojengwa juu ya bei ya mwaka uliotangulia yalikuwa yameharibika kabla ya awamu ya tatu. Tarehe 3 Desemba 2023 matope ya Mlima Hanang yaliishukia Katesh, yakaua watu zaidi ya 80 na kufukia nyumba na maduka, huku awamu ya mwisho ya mwaka ikiwa imebakiza majuma manne.

Liko swali moja gumu ambalo ningependa vijana wanaoingia katika elimu hii walichukue. Kodi ya mauzo ghafi huamini kwamba anayeuza zaidi amepata zaidi. Katika ukame, mwenye duka Hanang huuza bidhaa zake kwa bei ya kutupa ili arudishe mtaji, na mfugaji hupeleka mnadani ng'ombe ambao asingewauza kamwe mwaka wa mvua. Mauzo yamepanda, mali imeshuka. Jedwali la 2022 halina safu ya jambo hilo, na namna ya kuiandika bado haijapatikana.