"Uhuru": Jicho la Angani Lililopaa Kutoka Ngomeni

Mtu akivunjika mfupa hupelekwa hospitali akapigwa picha ya eksirei. Miali ile hupenya ngozi na nyama kwa urahisi, lakini ifikapo kwenye mfupa huzuiwa, na ufa ukaonekana dhahiri. Watu wengi huijua eksirei kwa kazi hiyo tu. Ni wachache wafahamuo kwamba mbingu nazo hutoa miali ya namna hiyo usiku na mchana, na kwamba setilaiti ya kwanza iliyotumwa juu mahsusi kuitafuta kila pembe ya mbingu ilirushwa kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki, ikiwa na jina la Kiswahili.

Setilaiti hiyo iliitwa Uhuru. Ilipaa tarehe 12 Desemba, 1970, kutoka jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, nchini Kenya. Habari zake zafaa kujulikana katika kila nyumba isomayo Kiswahili. Zaonyesha jinsi binadamu achunguzavyo anga kwa darubini na kwa vyombo vya angani. Tena zatuachia swali ambalo mataifa yetu hayajamaliza kulijibu.

Hewa ni ngao, tena ni pazia

Tangu mwaka 1609, Galileo Galilei wa Italia alipoanza kuelekeza darubini yake mbinguni, elimu ya nyota iliendelea kwa muda mrefu kwa kukusanya nuru ionekanayo kwa macho. Lakini nuru hiyo ni sehemu ndogo tu ya miali itokayo kwenye nyota. Iko mingine isiyoonekana kabisa: mawimbi ya redio, miali ya joto, eksirei na kadhalika. Atazamaye mbingu kwa nuru ya kawaida peke yake ni kama mtu aliye ngomani, ambaye masikio yake yasikia sauti ya manyanga tu. Ngoma kubwa na zumari zampita.

Mawimbi ya redio hufika ardhini, na darubini za redio huyanasa. Eksirei za nyota hazifiki. Msomaji aweza kushangaa: iweje miali ipenyayo mwili wa mtu ishindwe na hewa tupu? Jibu ni kwamba hewa si tupu. Hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, tangu ardhini hadi inakokwisha, ina uzito ulio sawa na wa maji yenye kina cha meta 10. Miali hiyo huzimika ingali juu sana, makumi ya kilometa kutoka ardhini. Na ni heri iwe hivyo, kwani eksirei nyingi hudhuru viumbe. Basi hewa hiyo hiyo iliyo ngao ya uhai imekuwa pazia mbele ya macho ya wataalamu.

Dawa ilikuwa moja: kulipeleka jicho juu ya pazia. Roketi zilizorushwa baada ya Vita Kuu ya Pili zilionyesha kwamba Jua hutoa eksirei. Kisha, mwezi Juni 1962, mtaalamu Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia aliyehamia Marekani, pamoja na wenzake walirusha roketi ndogo kutoka jangwa la New Mexico. Walitaka kujua kama Mwezi nao hung'aa kwa eksirei. Roketi ilikaa juu ya hewa nzito kwa dakika sita hivi, ikaanguka. Katika dakika hizo chache vipimo vyake vilinasa miali yenye nguvu ambayo haikutoka kwenye Mwezi, bali upande wa kundi la nyota liitwalo Nge. Kwa Jua, eksirei ni chembe ndogo sana ya nuru yake. Kwa nyota hii mpya, eksirei ziliizidi nuru ya kawaida mara nyingi. Wataalamu hawakuwa wameitazamia nyota ya tabia hiyo.

Roketi nyingine zilifuata, na kila moja ilichungulia kwa dakika chache tu. Ilikuwa kama kusoma kitabu gizani kwa kuwasha kiberiti: njiti yazimika kabla ya ukurasa kwisha. Kilichohitajiwa ni taa ya kudumu, yaani setilaiti izungukayo dunia bila kushuka.

Kwa nini Ngomeni?

Marekani ilikuwa na viwanja vyake vya kurushia roketi. Kwa nini basi setilaiti hiyo ikavushwa bahari hadi Kenya? Sababu kuu ni Ikweta. Dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye nguvu, zilizonaswa na usumaku wake. Juu ya Atlantiki ya Kusini, karibu na Brazil, mkanda mmoja hushuka chini kuliko kwingine. Setilaiti ipitayo humo hupigwa na chembe hizo, na vipimo vyake huhesabu takataka badala ya miali ya nyota. Lakini ikizunguka sambamba na Ikweta huliepuka eneo hilo kwa sehemu kubwa. Ngomeni iko nyuzi zipatazo 3 tu kusini ya Ikweta. Zaidi ya hayo, mahali hapo dunia huzunguka kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilometa 1,670 hivi kwa saa, na roketi irukayo upande huo, juu ya Bahari ya Hindi, hupata msukumo huo bila malipo.

Jukwaa lenyewe, liitwalo San Marco, lilijengwa na Waitalia chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Lilisimama kwa miguu ya chuma iliyokita chini ya bahari, na jirani yake lilikuwako jukwaa la pili, Santa Rita, ambamo waongozaji walikaa. Setilaiti ya kwanza kupaa hapo ilikuwa ya Italia, mwezi Aprili 1967. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza ya Marekani kurushwa na watu wa nchi nyingine.

Mkuu wa kazi hiyo kwa upande wa Shirika la Anga la Marekani, NASA, alikuwa mwanamke, Bi. Marjorie Townsend. Mwaka 1951 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington. Siku ya kurusha iliangukia sikukuu ya saba ya uhuru wa Kenya, na ni yeye aliyechagua jina la Uhuru, ili kuwashukuru Wakenya kwa ukarimu wao.

Hesabu badala ya picha

Uhuru haikuwa kubwa: uzito wake ulikuwa kilo 140 hivi. Haikuwa na vioo, wala haikupiga picha. Ilibeba makasha mawili yaliyojazwa gesi, yakipeana mgongo, kila moja likiwa na dirisha la madini membamba mno. Mwali wa eksirei ulipopenya dirisha uligonga chembe za gesi, ukazusha mshtuko mdogo wa umeme, na mshtuko huo ukahesabiwa. Mbele ya kila dirisha palikuwa na vijia vyembamba vya kuzuia miali ya pembeni, mfano wa mtu atazamaye kwa kupitia mwanzi. Setilaiti ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, na kila hesabu ilipopanda ghafla, wataalamu walijua kwamba imepita mbele ya kitu king'aacho.

Kwa njia hiyo Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, ambapo kabla yake vilijulikana makumi machache tu.

Mengi kati ya yaliyoonekana yalikuwa mageni. Katika kundi la Centaurus kilikuwako kitu kilichopiga kama moyo, pigo moja kwa kila sekunde 4.8, na kila baada ya siku mbili na kitu, kilitoweka kwa saa kadhaa, kisha kikarudi. Wataalamu walitambua kwamba hizo ni nyota mbili zizungukanazo. Moja ni kubwa. Ya pili ni mabaki ya nyota iliyokufa, yenye uzito upitao wa Jua lakini iliyojikunja katika upana wa kilometa 20 hivi. Ndogo huvuta gesi ya mwenzake. Gesi hiyo huanguka kwa kasi kubwa, ikapata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei. Nguvu yake hutokana na kule kuanguka, kama maji ya Mto Naili pale Jinja yaangukavyo hata yakazungusha mitambo ya umeme. Ile nyota ndogo ikipita nyuma ya kubwa, hufichika.

Kujua kisichoonekana

Jambo kubwa kuliko yote lilitokea katika kundi la Cygnus, yaani Batamaji. Chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kilikwisha kujulikana tangu enzi za roketi, lakini Uhuru ilionyesha kwamba nguvu yake hubadilika-badilika ndani ya sehemu ya sekunde. Mtaalamu wa Japani, Minoru Oda, aliyefanya kazi na akina Giacconi, alikuwa miongoni mwa walioshughulikia jambo hilo. Mabadiliko hayo yalikuwa kipimo cha ukubwa. Hakuna kitu kinachoweza kubadilika chote kwa pamoja upesi kuliko nuru iwezavyo kukivuka. Nuru huenda kilometa 300,000 kwa sekunde. Basi kitu kibadilikacho katika sehemu ya kumi ya sekunde hakiwezi kuwa na upana upitao kilometa 30,000. Kwa nyota, huo ni udogo wa ajabu.

Hapo darubini za ardhini zilisaidiana na chombo cha angani. Mwaka 1971 darubini za redio zilinasa mawimbi kutoka upande ule ule, zikaonyesha mahali kwa usahihi zaidi. Mahali hapo palikuwa na nyota kubwa ya rangi ya samawati. Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton nchini Kanada, waliipima kwa darubini za kawaida, wakakuta kwamba yavutwa huku na huku, mzunguko mmoja kwa siku 5.6. Kitu kiivutacho hakikuonekana. Hesabu zilionyesha kwamba ni kizito mno kuweza kuwa mabaki ya kawaida ya nyota. Hivyo likapatikana shimo jeusi la kwanza lenye ushahidi wa nguvu: kitu chenye uvutano mkubwa hata nuru yenyewe haiwezi kutoka ndani yake. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vilionyesha kwamba uzito wake ni sawa na Majua 21 hivi.

Mwaka 2002 Giacconi alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kuanzisha elimu hiyo. Uhuru yenyewe ilikwisha kushuka na kuungua hewani mwaka 1979.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Hilo ndilo neno la wazee, na hapa lauliza kitu. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilipaa kutoka majukwaa ya Ngomeni. Wageni walikuja na elimu, vyombo na fedha. Wenyeji walitoa bahari, Ikweta na jina. Wageni waliondoka na sifa ya uvumbuzi. Si dhambi yao, kwani kazi waliifanya wao. Lakini jina peke yake halimfundishi mtoto hesabu, wala bahari haimfanyi mvuvi kuwa mhandisi.

Mabadiliko yamekuja, ingawa polepole. Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia sahihi mapatano mapya kuhusu kituo hicho. Mwaka 2017 Kenya iliunda shirika lake la anga. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofanywa kwa ushirikiano na chuo kikuu cha Roma, iliachiwa angani kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Rwanda mwaka 2019 na Uganda mwaka 2022 nazo zilipeleka setilaiti ndogo zilizoshughulikiwa na vijana wao wakisaidiwa na Wajapani. Na tarehe 15 Aprili, 2023, ilipaa Taifa-1 ya Kenya, iliyokusudiwa kutazama mashamba, misitu na maji. Safari hii mambo yaligeuka: setilaiti ya Wamarekani ilipaa kutoka Kenya, setilaiti ya Wakenya ilipaa kutoka California.

Kwa mzazi na mwalimu, kazi yaweza kuanzia uani bila gharama. Mwezi wa Agosti, saa mbili za usiku, kundi la Nge huwa juu karibu na utosi, na nyota yake nyekundu kifuani. Mwishoni mwa Septemba, saa hiyo hiyo, Batamaji huonekana upande wa kaskazini, mbawa zimetandazwa. Mtoto na aonyeshwe, kisha aambiwe kwamba kutoka pande hizo miali ya eksirei yazidi kumiminika hata sasa, yakomea juu ya paa la hewa, na kwamba setilaiti iliyoihesabu ilipaa kutoka Ngomeni. Akiuliza jina lake, jina analijua tayari. Wataalamu wa dunia nzima bado huviita baadhi ya vyanzo hivyo kwa alama ya 4U, maana yake orodha ya nne ya Uhuru. Kinachobaki ni mtoto huyo kupewa hesabu na fizikia za kutosha, ili orodha zijazo zisiishie kuazima jina la Kiswahili, bali ziandikwe pia na mikono ya wasemao Kiswahili.