Nyota Tano Shuleni, Uwanjani Je?

Kocha msaidizi wa chuo cha Murray State, kule Kentucky nchini Marekani, alikuwa na njaa. Alikuwa amefunga safari hadi South Carolina kumtazama kijana mwingine kabisa, akatoka mara moja kutafuta kitu cha kutafuna. Njiani akasikia mpira unadunda kwenye ukumbi mdogo wa pembeni. Akachungulia. Humo ndani kulikuwa na mtoto mwembamba anawatesa wenzake, wanacheza watatu kwa watatu. Jina lake Ja Morant. Orodha kubwa za vipaji vya sekondari zilikuwa hazina habari naye. Mwaka 2019 mtoto huyo huyo alichaguliwa namba 2 kwenye drafti, ile siku timu za NBA zinapochagua vijana kwa zamu.

Sasa wale wazee wa kupanga orodha walikuwa wapi? Walikuwa kazini, bwana, ila kwenye ukumbi mkubwa!

Mchezo wenyewe uko hivi. Kila mwaka wasaka vipaji wanazunguka mashuleni na kwenye makambi ya kiangazi, mengi yakidhaminiwa na kampuni za viatu. Wanapima urefu, mikono, miruko, umri, na kama kijana anakaba au anasubiri mpira tu. Kisha wanampa nyota na kumpanga: wa kwanza, wa kumi, wa mia. Mmoja wa waliouanzisha mtindo huu ni Howard Garfinkel wa New York, aliyekuwa akiwauzia makocha wa vyuo jarida lake la vipaji. Kambi yake ya Five-Star ilianza mwaka 1966. Michael Jordan alipita hapo mwaka 1980 na akatoka na jina.

Siku hizi orodha ni mshiko. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia majina yao kwenye matangazo, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Nafasi tano juu au chini si jambo la kujivunia kijiweni tu. Ni fedha.

Ndipo balaa linapoanza, maana mtoto wa miaka 16 akiambiwa yeye ndiye namba moja, nani atamwambia arudi mazoezini?

Muulize Lenny Cooke. Mwaka 2001 jamaa alikuwa juu kabisa, New York nzima inamwimba. Kiangazi hicho, kwenye kambi ya ABCD kule New Jersey, akakutana na dogo mmoja wa Ohio aliyekuwa na miaka 16. Dogo akamfunika, na mwisho akatupia mpira wa pointi tatu uliomaliza mechi. Dogo mwenyewe ni LeBron James. Mwaka uliofuata Cooke aliingia drafti bila kupita chuoni, na hakuna timu iliyomchukua. Hakuwahi kucheza NBA hata dakika moja.

Upande wa pili yuko Stephen Curry. Baba yake alicheza Virginia Tech, lakini chuo hicho hakikuwa tayari kumpa mtoto ufadhili. Eti mdogo mno! Akaenda Davidson, chuo kidogo tu, na mwaka 2008 akakifikisha hatua ya timu nane bora za taifa.

Ugonjwa wa kuzimia urefu haukuishia sekondari, na hapa unatugusa wenyewe. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, akamalizia sekondari Texas, akachukuliwa na chuo cha Connecticut. Pale aliua kweli: mwaka 2009 timu yake ilifika nne bora za taifa. Mwaka huo huo akachaguliwa namba 2, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Curry alikuwa namba 7. Yaliyofuata kila mtu anayajua. Mimi simlaumu Hasheem hata kidogo. Hakujichagua mwenyewe. Waliompanga waliona mita 2.21 wakasahau kuuliza amecheza miaka mingapi.

Halafu wengine muda mfupi unawatosha. Joel Embiid wa Cameroon alionekana kwenye kambi ya nyumbani mwaka 2011, naye hakuwa na muda mrefu kwenye mchezo. Mwaka 2014 akawa namba 3 kwenye drafti, na 2023 akawa mchezaji bora wa NBA. Nani angempanga akiwa bado Yaoundé?

Kwa hiyo nyie mnaodunda pale Don Bosco Upanga mkiota Marekani, msihangaike na nyota. Hangaikeni na ripoti ya shule. Ili kucheza daraja la kwanza la vyuo, NCAA inataka masomo 16 ya msingi, Kiingereza, hesabu na sayansi yakiwemo, kwa wastani usiopungua 2.3. Na hayo matangazo ya fedha yana mtego: mgeni mwenye viza ya masomo haruhusiwi kufanya kazi kiholela, akikosea anaweza kurudishwa kwao. Jambo jingine, makocha wengi sasa wanapenda kuchukua wachezaji waliokomaa kutoka vyuo vingine, hivyo nafasi za wanaotoka sekondari zimebana.

Vyeti vyako viko wapi? Kama viko kwa mjomba Morogoro, vifuate wiki hii.