Vitufe viwili na ukimya wa redio

Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001, wakuu wawili wa kikosi cha zimamoto cha New York walikuwa wakijaribu mtambo wa mawasiliano katika jengo la kaskazini la World Trade Center. Mmoja alishika mkonga wa mezani, mwenzake redio ya mkononi. Hawakusikilizana. Wakaona mtambo haufanyi kazi, wakaamua kutoutumia.

Kumbe mtambo ulikuwa ukifanya kazi, angalau kwa sehemu.

Kisa hicho, kilichoelezwa kwa kina na tume ya uchunguzi ya Marekani katika ripoti yake ya Julai 2004, kinagusa jambo ambalo watumiaji wengi wa simu za upepo, wawe polisi, walinzi au madereva, hawalifikirii: kwamba nyuma ya sauti za watu kuna mitambo inayoamrishwa na kuitikia.

Mlio usiosikika

Redio ya mkononi ina nguvu ndogo, kwa kawaida wati chache tu, na mawimbi yake hudhoofika yanapokutana na zege na chuma. Katika jengo la ghorofa 110 aliye juu huenda asimsikie kabisa aliye chini. Ndiyo sababu hutumika ripita, mtambo unaopokea sauti katika masafa mamoja na papo hapo kuirusha upya, kwa nguvu zaidi, katika masafa mengine.

Lakini ripita itajuaje kwamba anayeita ni mtu wake, si mgeni aliyeangukia masafa hayohayo? Njia iliyozoeleka ni kupachika chini ya sauti ya msemaji mlio mzito, wa mitetemo kati ya 67 na 254 hivi kwa sekunde, ambao redio inayopokea huuchuja ili sikio lisiusikie. Ripita ikiutambua mlio wake, hufunguka. Ikiukosa, hukaa kimya hata kama mawimbi ni makali.

Msemaji anapoachia kitufe, ripita nyingi huendelea kurusha kwa sekunde moja au mbili, pengine na mlio mfupi. Hilo ni jambo dogo lenye manufaa makubwa: msemaji anajua kuwa amefika kwenye ripita, hata kama hakuna binadamu aliyemjibu.

Njia nyingine ni kuiwasha ripita kwa mkono inapohitajika. Hiyo ndiyo iliyotumika World Trade Center.

Nani awashe?

Ripita hiyo iliwekwa mwaka 1994 na Mamlaka ya Bandari ya New York na New Jersey, baada ya shambulio la bomu la mwaka 1993. Mamlaka ilishauri iachwe ikiwaka wakati wote. Wazima moto walitaka iwashwe kwa haja tu, wakihofia kwamba ingevuruga shughuli zao kwingineko kusini mwa Manhattan. Mwaka 2000, kwa ombi lao, vibao vya kuiwashia viliwekwa katika ukumbi wa chini wa kila jengo.

Kitufe kimoja kiliiwasha ripita. Cha pili kiliuwezesha mkonga wa mezani kurusha sauti. Saa 2:54 asubuhi, dakika 8 baada ya ndege ya kwanza kugonga, kitufe cha kwanza kilibonyezwa, haijulikani na nani. Cha pili hakikubonyezwa kamwe asubuhi ile.

Kwa hiyo redio za mkononi zingeweza kuwasiliana kupitia ripita. Mkonga ndio uliokuwa bubu. Kwa nini basi nao haukusikia? Tume ilitaja mambo mawili yanayowezekana: hitilafu ya kiufundi, au sauti ilikuwa imepunguzwa, kama ilivyokuwa kawaida mtambo usipotumika. Ni vigumu kuwalaumu wakuu wale. Ukimya uleule ulikuwa na maana tatu au nne, na hakuna kilichowaonyesha ipi ndiyo sahihi.

Katika jengo la kusini, wazima moto walitumia chaneli hiyohiyo, namba 7. Kwa redio ya mkononi, mkuu mmoja, Orio Palmer, aliwasiliana na wenzake hadi alipofika ghorofa ya 78. Jengo hilo lilianguka saa 3:59.

Kaskazini, ambako chaneli 1 ilikuwa imesongamana, amri ya kuondoka haikuwafikia wote. Saa 4:28 jengo hilo nalo likaanguka. Wazima moto 343 walikufa siku hiyo.

Tume haikusema kwamba kitufe cha pili kingewaokoa. Baadhi yao walisikia amri wakabaki kuwasaidia wengine. Wapo waliokuja wakiwa nje ya zamu, bila redio. Tena haijulikani kama ripita, iliyokuwa katika jengo namba 5 la eneo hilo, ingeendelea kuhudumia jengo la kaskazini baada ya lile la kusini kuporomoka.