Je, Wajua? Mafuta ya Breki Hunywa Maji

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, hata gari likiwa limeegeshwa. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanywa maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Mteremkoni, breki zikipata moto, yanachemka, mvuke unajaa, pedali inazama.

• Paipu ya mpira iliyochakaa huvimba kwa ndani, nje ikionekana nzima. Hupitisha mafuta kwenda, huyazuia kurudi. Breki inabana, rimu ya upande mmoja inachoma mkono.

• Pedali ikishuka polepole ukiwa umeikanyaga, na chini hakuna hata tone? Kagua mipira ya ndani ya masta silinda.

• Kuongeza mafuta si kubadilisha. Yamwage yote, uweke mapya, kila baada ya miaka 2.