Rangi na Uzuri katika Lugha za Kihindi

Katika Kihindi, mtu mwenye ngozi nyeupe huitwa gora. Aliye mweusi huitwa kala. Katika matangazo ya magazetini ya kuwatafutia wana wachumba, weupe wa binti hutajwa sambamba na elimu yake, na aliye mweusi huweza kukataliwa kabla hajaonwa. Yafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba tangu kale weusi nao ulisifiwa. Jina la mungu Krishna maana yake katika Kisanskriti ni 'mweusi'. Na Draupadi, malkia mzuri wa utenzi wa Mahabharata, alikuwa mweusi. Mwaka wa 2020 krimu ya Fair & Lovely, iliyoanza kuuzwa India mwaka wa 1975, ilibadilishwa jina tu. Basi maneno ya kumsifu binti mweusi yapo; kinachokosekana ni nia ya kuyatumia.