Aromatiki na Alifatiki: Istilahi Zinapoachana na Asili Yake

Haidrokaboni ni kampaundi za kaboni na haidrojeni pekee. Wanakemia huzigawa katika makundi mawili: aromatiki na alifatiki. Istilahi ya kwanza ina asili ya neno la Kigiriki linalorejelea viungo vyenye kunukia. Ya pili, mafuta. Hata hivyo, kigezo cha uainishaji leo ni muundo, wala si harufu. Benzeni, iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka wa 1825, ni aromatiki kwa kuwa elektroni zake 6 zimeenea katika pete nzima. Saikloheksani nayo ni pete ya kaboni 6, lakini ni alifatiki, kwani haina elektroni zilizoenea hivyo. Kwa hivyo, anayetafsiri 'aromatiki' kuwa 'yenye kunukia' humpotosha mwanafunzi. Mwanaistilahi hana budi kutafsiri dhana, si asili ya neno.